Mkeka wa Upande wa Baba

Benchi letu liko barazani kwa Vinod muuza nguo, hapa Bagamoyo mjini, pale ambapo jua la alasiri halifiki. Mimi hukaa mwisho wa benchi na nyundo yangu na misumari, nashona viatu, na kwa sababu hiyo wamenibandika jina la Kubazi. Sina ugomvi nalo. Nimechoka kugombana na watu wanaoshinda bure kutwa. Mmoja ni Bwanausi, tunamwita Kadhi, kwa kuwa hakuna kesi asiyoihukumu, hata ya kuku na jirani. Wa pili ni Majaliwa, ndiye Gazeti, na habari zake nyingi huwa bado hazijatokea. Katikati yao hukaa Awadh Mshihiri na dele lake la shaba juu ya makaa, anatumiminia kahawa. Alikuja kutoka Uarabuni, kutoka Shihri, kabla ya vita hii kuu ya pili iliyokwisha juzijuzi, akamwoa Adija wa Mkange, wakajaliwa binti mmoja, Tabia. Maneno yake machache. Mguuni huvaa makubazi ya kwao, mazito, ambayo nimeyashona na kuyashona tena hata nikamwambia anunue mengine anipumzishe. Hataki. Nikamweka katika hesabu ya mabahili.

Siku hiyo alimwaga kahawa nje ya kikombe cha Kadhi, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. Kadhi akamwuliza kama anaumwa.

— Kesho wanakuja kumposa Tabia, alisema.

Hilo tulilijua. Mji mzima ulijua kwamba mchumba ni Seleman wa Mapinga, kijana mtulivu mwenye shamba lake. Gazeti akanyoosha mkono kumpa hongera, lakini Awadh hakuupokea.

— Upande wa Adija wako tele, wajomba mpaka wa kugawa. Upande wangu nipo mimi na dele hili.

Tulielewa. Kwetu huku posa haipokewi na mtu mmoja. Washenga wakiingia hukuta mikeka miwili. Mmoja ni wa wajomba, mwingine wa upande wa baba, na hapo hukaa baba wakubwa na baba wadogo wa binti. Mkeka huo ukiwa mtupu, wageni hawatasema kitu mbele yako. Watasema njiani wakirudi, na maneno hayo Tabia atayakuta yanamngoja ukweni, na kila atakapounguza wali ataambiwa hakuwa na watu wa kumfunza.

Awadh akachukua ndoo akaenda kisimani. Nyuma yake mahakama ikafunguliwa.

— Waarabu wenzake wamejaa Dar es Salaam, alisema Kadhi. Lori moja tu, asubuhi wako hapa. Kwa nini hawaiti?

— Ameua mtu kwao, alisema Gazeti.

— Nani kakwambia?

— Sijaambiwa. Lakini mtu asiyeua huenda Dar es Salaam hata mara moja kwa mwaka, akanunue kitu, ashangae watu. Huyu hajakanyaga tangu wakati wa vita.

Kadhi akaitupilia mbali kesi ya mauaji. Alisema mtu aliyeua hamimini kahawa kwa utulivu ule. Yeye aliona hapo kuna mke. Mwanamke mkali ameachwa Shihri, na kaka zake wameshuka hadi Kariakoo, wanamngoja shemeji yao na bakora. Gazeti akasikiliza, akatikisa kichwa. Mke ni jambo dogo, alisema. Kwa hali anavyoiona, Awadh ni mtoto wa sultani aliyekimbia asirithi kiti, na ushahidi ni lile dele la shaba, kitu cha nyumba ya kifalme. Nikamwambia dele lile Awadh alilinunua humu dukani kwa marehemu baba yake Vinod, mimi nikiona kwa macho yangu. Akanijibu kwamba hivyo ndivyo wafalme wanavyojificha. Nikarudi kwenye kisigino nilichokuwa nakipiga. Mtu wa namna hiyo utambishia mpaka lini?

Awadh aliporudi na maji akakuta hukumu imekwisha kutolewa. Kadhi akamweleza kwamba hana haja ya kumwita mtu. Kesho yeye Bwanausi atakuwa kaka yake mkubwa, na Majaliwa atakuwa mdogo wake wa mwisho. Nikauliza mzee wa Kishihiri alimzaaje Mkwere mweusi kama Kadhi. Wakanijibu kwa pamoja kuwa baba mmoja, mama mbalimbali. Gazeti aliahidi kusema Kiarabu, kile alichobaki nacho kutoka chuo cha Kurani, na akaonya kwamba akianza asikatizwe, kwa sababu akikatizwa hurudia mwanzo.

— Nawe Kubazi uwe binamu, Kadhi akaniambia. Ukae nyuma, usiseme.

Awadh aliwasikiliza hivyo hivyo, kama anayesikiliza ugonjwa wa mtu mwingine. Nilidhani atakasirika.

— Fanyeni, alisema. Nimechoka, ndugu zangu. Kesho ikipita basi.

Kadhi akaazima kwa Vinod kipande cha bafta, akakizungusha kichwani kuwa kilemba. Kikamwangukia sikioni. Alikuwa anakizungusha mara ya pili alipotokea mzee mmoja anakokota baiskeli, kanzu ameifunga kiunoni, vumbi la njia ya Mapinga limemjaa mpaka kwenye nyusi. Tukamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia marahaba, akauliza kwa Awadh Mshihiri ni wapi. Jina lake Mrisho, alisema, babu mdogo wa Seleman, na ndiye mshenga wa kesho.

Awadh akamsogezea nafasi na kikombe. Kadhi hakungoja. Alijitambulisha kuwa kaka mkubwa wa Awadh, kisha akamtambulisha Gazeti kuwa mdogo wao. Mzee Mrisho akakitazama kile kilemba, akautazama uso uliokuwa chini yake, kisha akanywa kahawa yake taratibu. Hakuonyesha kitu.

— Nimefurahi kuwakuta nyote, alisema. Nimetangulia kwa sababu ya jambo moja tu, nisije nikaharibu kesho mbele za watu. Sisi hatufungui posa mpaka tuwarehemu wazee wa pande zote mbili, kwa majina yao. Wa upande wa mama nimeshapewa. Hebu niambieni, baba yenu yu hai, au tumrehemu?

— Marehemu, alisema Kadhi.

— Yu hai, mzima kabisa, alisema Gazeti.

Walisema kwa pamoja. Kadhi akavua kilemba akakiweka mapajani. Mimi nilijifanya natafuta msumari, kisha nikaona aibu ya kujifanya. Tulikuwa tumekunywa kahawa ya mtu huyu miaka na miaka, tumembunia mauaji, tumembunia mke, tumempa ufalme, na hakuna aliyewahi kumwuliza kama ana baba. Sote tukamgeukia Awadh.

Alikuwa anapanga vikombe vilivyobaki, kimoja ndani ya kingine. Akavipanga vyote kwanza.

— Nilimwacha hai, alisema.

Akavisukuma vikombe kando, akaendelea.

— Alinisindikiza mpaka nje ya mji. Viatu vyangu vilikuwa vibovu. Akavua vyake akanipa, akarudi pekupeku. Nilimwona anavyokanyaga, anakwepa mawe, nikataka kumwita nikacheka. Nilijua nitarudi.

Nikayatazama yale makubazi. Mishono yangu ilikuwa imejaa kila upande. Ngozi ya mwenyewe ilibaki kwenye kamba za juu tu.

— Hukupata habari zake tena? aliuliza Mzee Mrisho.

— Nilizipata. Mpaka ilipokuja ile njaa ya kule, wakati wa vita. Watu wa kwetu wakawa wanashuka Dar es Salaam na habari za vifo, nyumba hii watatu, nyumba ile wote. Ukikutana nao, kabla salamu haijakwisha wanakutajia wafu wako. Nikaacha kwenda. Wakipita hapa najifungia ndani, Adija anasema sipo. Nisipouliza, mzee yupo. Kesho mkimrehemu mtakuwa mmemzika, na mimi ndiye nitakuwa nimewaambia.

Hakulia. Afadhali angelia, tungejua la kufanya. Gazeti alikuwa anaitazama mikono yake. Nilimwonea huruma Awadh mpaka nikachukia, nikamchukia na yule mzee wa Mapinga kwa kuuliza, ingawa aliuliza vizuri, na aliuliza kitu ambacho kilitupasa sisi kukiuliza.

Mzee Mrisho akaweka kikombe chini.

— Basi kesho hatutamrehemu, alisema. Tutamwombea dua. Akiwa hai itamfaa, na akiwa ametangulia itamfaa. Hakuna atakayetuuliza zaidi, mshenga ni mimi. Na hawa kesho waje. Mkekani nataka watu wanaokufahamu. Ila wasiniambie ni ndugu zako, nitashindwa kujizuia kucheka.

Kadhi akasema atakuja bila kilemba.

— Na dua ya leo tuisome sasa hivi, alisema Mzee Mrisho. Nipe jina.

— Mubaraka bin Awadh.

Kumbe Awadh alipewa jina la babu yake. Tukainua mikono. Mzee Mrisho alisoma polepole, akalitaja jina lile mara ya kwanza na mara ya pili, nasi tukaitikia amina, hata Vinod mlangoni alikuwa amesimama na rula yake mkononi. Dua ilipokwisha tukajipangusa nyuso. Awadh alibaki na mikono ameifungua mbele yake. Hatukujua tumfanye nini, tukaitazama barabara. Mwishowe akaishusha mikono.

Mzee Mrisho aliaga, akasema tukutane kesho baada ya sala ya adhuhuri, akakokota baiskeli yake kuelekea kwa jamaa zake atakapolala. Hapo Gazeti, nadhani kwa kutaka mambo yarudi yalivyokuwa, akasogeza kikombe chake mbele.

— Kahawa imekwisha, alisema Awadh.

Akafunika makaa kwa majivu, akavaa makubazi yake, akalinyanyua dele kwa mikono miwili. Lilikuwa bado limejaa kahawa. Gazeti akakirudisha kikombe chake.