Hodi, Aliyemuuliza Kila Mmoja

Marehemu dada yangu, mliyemzoea kwa jina la Hodi, alizaliwa tarehe 9 Machi 1964, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Mimi ndiye niliyemfuata, kwa hiyo ubabe wake nimeuonja kuliko yeyote hapa.

Jina la Hodi alilipata bwenini, sekondari. Hakuzima taa mpaka aulize kila kitanda. Mmoja akisema bado anasoma, taa inabaki. Wenzake walinuna, kisha wakamchagua kiranja. Alihitimu chuo cha ufundi mwaka 1987.

Mwaka 1993 aliolewa na fundi umeme. Kabla ya kukubali alituuliza nyumba nzima, mmoja mmoja, shemeji akisubiri barazani jasho likimtoka.

Mwaka 1998 aliingia kitengo cha kompyuta cha hospitali kuu. Enzi hizo muuguzi akibadilisha neno la siri, kompyuta ya wodini inalikubali, ya stoo ya dawa inalikataa, na mgonjwa anangoja. Dada akaandika programu ya mizunguko miwili. Wa kwanza unauliza kila kompyuta kama iko tayari kupokea neno jipya. Zote zikikubali, wa pili unabadilisha. Moja ikikataa, hakuna kinachoguswa. Mkuu wake alilalamika kwamba inachelewesha. Dada akamjibu, "Bora tuchelewe pamoja kuliko kufungiana nje." Mpaka leo wauguzi wanaingia kwa kazi ya mikono yake, na mimi natembea kifua mbele.

Januari 2023 aligundulika ana saratani ya ini. Dawa zilipomzidi nguvu, madaktari walishauri ziachwe, arudi nyumbani. Dada akatuita kitandani mmoja mmoja, akiuliza kama tuko tayari. Tulikubali kwa machozi. Binti yake kitinda mimba akakataa.

"Basi, hatujabadilisha kitu," dada akasema. Akaendelea na sindano zile zilizomtesa, wala hakumlaumu mtoto.

Wiki iliyofuata binti huyo alikuwa akimpaka mafuta miguuni. Akasema, "Mama, sasa niko tayari." Dada akamshika kichwa, kisha, mbishi yule, akatuuliza tena sote upya. Safari hii wote tulikubali, sindano zikaachwa, tukamrudisha nyumbani. Alifariki nyumbani, Alhamisi tarehe 14 Septemba, saa nane mchana, sote tukiwa chumbani.

Ameacha mume, watoto watatu, wajukuu wanne, na mimi mdogo wake, ambaye sasa sina wa kuniuliza.

Dada, tumeshajibu wote. Zima taa, upumzike kwa amani.