Dada Mita na Mpira Chini ya Gunia

Baada ya miaka thelathini na minane ya kazi, msimamizi wa maji na nishati wa kiwanda chetu cha vitambaa anastaafu tarehe thelathini mwezi huu. Ninyi mnamwita Dada Mita. Kwangu mimi ni kifunguamimba wangu, nimemzaa mwenyewe. Wahariri wa jarida wameniomba niandike kama mfanyakazi mwenzake, maana nami nilipika kantini ya hapa hapa mpaka nikastaafu, mkinijua kama Mama Upawa. Wakanisihi pia nisimsifu kupita kiasi. Nitajitahidi, lakini walijua wanamwomba nani.

Alianzia idara ya rangi akiwa msichana, kwenye mapipa yale makubwa yanayotoa mvuke. Wiki hii alirudi nyumbani mikono ya buluu, wiki ijayo myekundu, na wadogo zake wakawa wanabashiri rangi ya Jumatatu. Tangu utoto wake koki ikidondoka hatulii mpaka aifunge. Kwa hiyo alipojifunza ufundi wa mabomba jioni baada ya zamu, na akahamishiwa karakana, wengine walishangaa. Mimi sikushangaa hata kidogo.

Sasa niwaeleze ya mwaka ule wa ukame, ninyi vijana mliokuja juzi. Mkurugenzi wa wakati huo alituita wote kantini. Nilisimama pale na upawa wangu mkononi. Akasema mji hauna maji, kiwanda lazima kipunguze, na mlevi wa maji anajulikana: idara ya rangi. Akawapa mpaka mwisho wa msimu. Kama maji kwa kila jora la kitambaa hayajapungua kwa theluthi, idara inafungwa na vitambaa vinapelekwa nje kutiwa rangi. Idara ile ilikuwa na zaidi ya watu mia, baba na mama za watu niliowapakulia miaka nenda miaka rudi.

Binti yangu akasimama. Akauliza, kwa adabu zote nilizomfundisha, Mkurugenzi amejuaje kuwa ni idara ya rangi, wakati kiwanda kizima kina mita moja tu getini? Maji yanaingia kwa bomba moja, kisha kila idara inamnyooshea mwenzake kidole. Akaomba kila idara iwe na mita yake, ya maji, ya umeme na ya mvuke. Nyapara wa rangi, mtu wa maneno kuliko redio, akapaza sauti kutoka nyuma: "Na jasho letu je, nalo utaliwekea mita?" Akamjibu: "Likipita kwenye bomba, naliwekea." Watu wakavunjika mbavu, na mita zikanunuliwa.

Hakubagua mtu. Mimi mama yake mzazi, niliyembeba mgongoni, aliniamkia shikamoo halafu akaniambia nisogee kidogo afunge mita chini ya sinki langu. Kwa taarifa yenu, jiko langu ndilo lililotangulia kupunguza. Waulizeni waliokuwepo.

Kila Ijumaa aliandika hesabu ubaoni kantini, idara moja moja. Mimi nikaongeza sheria yangu: idara iliyopunguza zaidi wiki hiyo inapakuliwa kwanza. Ehe! Hapo watu wazima waligeuka watoto. Fundi wa boila alikuwa akizunguka kuziba vali zinazovuja huku akiimba. Wafumaji waliwazomea wasokotaji kwenye foleni: "Pisheni, nyie wanywaji!"

Idara ya rangi nayo ikashuka, ikashuka mpaka ikashangaza. Wiki nne mfululizo walikula kwanza. Mkurugenzi akaja mwenyewe kumpa nyapara mkono, akasema mambo yakienda hivi hakuna atakayefungiwa mlango. Shangwe zilizopigwa pale zilitikisa masufuria. Mtu mmoja tu hakupiga makofi. Mimi nilimwona. Binti yangu alikuwa anautazama ubao kama ninavyoutazama mchuzi uliopungukiwa kitu.

Kilichomsumbua ni mita ya jirani zao, idara ya kunyoosha vitambaa. Ilikuwa ikizunguka kwa kasi saa ya chakula, wakati wanyooshaji wote wako mbele yangu na sahani. Akafuata ukuta, hatua kwa hatua. Nyuma ya mapipa akakuta magunia yamepangwa vizuri mno kwa magunia ya kawaida. Akainua moja. Chini yake kulikuwa na mpira wa maji, umepitishwa dirishani kutoka koki ya wanyooshaji. Wenzake wa zamani walikuwa wanasuuza kwa maji ya jirani ili mita yao ikae kimya.

Nyapara alimwomba kwa mikono miwili. "Dada, wewe ni wetu. Funika gunia, uende zako." Jamani, mimi ni mzazi, najua kilichompata. Akisema, watu mia wanapoteza kazi, na ndio aliokula nao sahani moja. Akinyamaza, mji utakapoona mita ya getini haijapungua vya kutosha utatukatia maji, na kiwanda kizima kitafungwa.

Ijumaa ile alifuta ubao mzima. Akaandika hesabu za kweli, na idara ya rangi ikawa ya mwisho. Mtu akamwita msaliti. Baadhi wakanirudishia sahani bila hata asante, kama vile mita nimezaa mimi. Yeye akamgeukia Mkurugenzi, sauti haitetemeki, akasema msimu aliowapa haujaisha, na leo ndiyo mara ya kwanza kujua maji yanakwenda wapi. Aachiwe muda uliobaki. Mkurugenzi akamwachia.

Hakwenda kukaa ofisini. Alivaa mabuti yake ya zamani akarudi kwenye mapipa, katikati ya watu waliokuwa hawamsemeshi. Akawaonyesha maji ya kusuuzia mara ya mwisho: yanatoka karibu meupe, nayo yanamwagwa. Nyapara akayatazama weee, kisha yeye mwenyewe akasema kwa nini yasiingie kwenye tangi, yaanzie kusuuza mzigo unaofuata? Mnajua waliyahamisha kwa kitu gani? Kwa mpira ule ule wa wizi. Kisha wakatazama mfereji wa nje, uliokuwa unafuka kama chungu changu. Yalikuwa maji ya moto yanayotokana na mvuke uliokwisha kazi. Fundi wa boila akaunga bomba la kuyarudisha kwenye boila, na boila, ikipokea maji yaliyokwisha kupata moto, ikala mafuta kidogo kuliko zamani. Watu wakaanza kumsemesha tena. Kwanza matusi ya utani, halafu salamu.

Mwisho wa msimu Mkurugenzi alisoma mita mwenyewe, ya getini na za idara zote. Safari hii zilikubaliana. Maji ya kila jora yalikuwa yamepungua karibu nusu! Idara ya rangi haikufungwa, wala hakufukuzwa mtu. Nilipiga sufuria kwa upawa mpaka upawa ukapinda, na nyapara alimbeba binti yangu juu juu kuzunguka kantini, na mabuti yake yaliyolowa.

Tangu hapo viwanda vingine vimekuja kujifunza kwake. Leo hesabu zinaonekana kwenye skrini, lakini saa ya chakula bado anapita kutazama mita zinazozunguka bila sababu. Anayempokea kiti ni binti wa nyapara yule, aliyesomeshwa na kazi ya idara ile. Binti yangu anahamia kwangu. Tayari ameikodolea macho koki yangu ya uani, na mimi nimeshaambiwa nina mkono mwepesi kwenye maji. Mimi!

Kwa niaba ya wote, mwanangu, asante. Afya isikupungukie, na kila unachokigusa kisivuje. Miaka yote ile ya ubao, kwa kuwa hukuhesabiwa katika idara yoyote, ulikula wa mwisho. Siku ya kukuaga nimeomba kupakua mwenyewe, kwa upawa ule ule uliopinda. Wengine wote wasubiri. Wewe unapakuliwa kwanza.