Abiria Waliobaki Vitini

Benchi lenyewe ni ubao mrefu uliolazwa juu ya matofali mbele ya duka la fundi cherehani, na wenye kulikalia ni walewale kila siku. Kuna Wakili, ambaye mahakamani ameingia mara moja tu, alipokwenda kumdhamini shemeji yake. Kazi yake hasa ni udalali wa nyumba. Kuna Injini, fundi wa pikipiki, grisi mpaka viwikoni. Kuna Babu Redio, mstaafu wa posta, anayesikiliza taarifa za habari za dunia nzima na kuzichanganya zote. Kahawa huletwa na Mama Chupa. Fundi cherehani mwenyewe wanamwita Futi, kwa ule utepe wa kupimia usiomtoka shingoni, na siku hiyo alikuwa amefungua duka kwa mara ya kwanza tangu arudi kutoka kwenye msiba wa dada yake, nchi ya mbali. Pole alishapewa, mikono alishashikwa, vichwa vilishatikiswa. Sasa alitaka jambo moja tu, awasimulie yaliyotokea ndani ya ndege. Na hilo ndilo lililokuwa haliendi.

— Basi nimekaa, mkanda nimefunga, — alisema Futi, akianza upya kwa mara ya tatu. — Pembeni yangu kuna jibaba, mabega yake yamehamia mpaka kwenye kiti changu, na uso limeukunja kama tuna ugomvi wa shamba. Nikajisemea, leo nimepatikana.

— Ulikuwa mbele ya bawa au nyuma ya bawa? — aliuliza Injini.

— Bawa linakuhusu nini?

— Nyuma ya bawa kuna kelele. Nataka nijue kama uliyasikia vizuri hayo unayotuambia.

— Niliyasikia. Sasa tulia. Ndege bado iko chini, wanatafuta mzigo wa abiria ambaye hakutokea, wanataka waushushe. Simu yangu ikaita. Ni mpwa wangu, binti wa marehemu. Ananiambia, mjomba, wazee wamekata shauri, mama anazikwa leo alasiri, hawawezi kungoja zaidi. Na mimi nina ndege mbili za kupanda, na ya kwanza yenyewe haijasogea.

Wenzake wakashusha vikombe. Futi akadhani sasa wamempisha. Maneno haya alikuwa ameyabeba tangu arudi, kama mtu aliyejitwika beseni la maji lililojaa pomoni, anatafuta pa kulitua.

— Mzigo usio na mwenyewe lazima ushushwe, — alisema Babu Redio. — Hilo liko kila mahali. Walitangaza.

— Babu, mimi sizungumzii mzigo.

— Wewe ndiye uliyeutaja.

Mama Chupa alimmiminia Futi kahawa bila kuulizwa.

— Endelea, baba. Hawa ukiwasikiliza hutafika.

Futi akaendelea. Aliwaambia jinsi alivyojikunja pale kitini, paji la uso limegusa kiti cha mbele, akalia kilio ambacho hakujua kama bado anacho, wala hakujali nani anamwona. Mhudumu wa ndege, dada mmoja mrefu mwenye skafu shingoni, alikuja kumwambia azime simu. Alikuja na uso wa kazi. Alipomwona akaisahau simu. Akataka kuchuchumaa pale njiani katikati ya viti, sketi yake ya kubana ikamkatalia, basi akapiga magoti kabisa, akamshika mkono.

— Akaniuliza, kuna nini, kaka. Nikamwambia dada yangu anazikwa na mimi niko hapa. Hata sijamaliza, lile jibaba likavua vile vidude vyake vya masikioni, likainua egemeo la mkono lililokuwa kati yetu, likaniwekea mkono begani. Tulikwenda hivyo safari nzima.

— Hapo ndipo ninaposhtuka mimi, — alisema Wakili, akitua kikombe. — Sheria ya anga ni ngumu. Mtu akilia ndani ya ndege, presha ikampanda, akafa, kampuni inawajibika. Yule dada hakukushika mkono. Alikuwa anakupima mapigo ya moyo.

— Alinishika kiganja, Wakili.

— Wanaanzia kiganjani halafu wanahamia kwenye kifundo cha mkono. Wanafundishwa.

— Na lile jibaba?

— Shahidi.

Futi alivuta pumzi ndefu. Alikuwa amempima Wakili suruali miaka nenda miaka rudi, akawa anashangaa jinsi mtu unavyoweza kumjua mwenzako kiuno na mapaja na usimjue kichwa.

— Tunakaribia kutua, — alisema, sasa akiharakisha, — mimi nimeshakata tamaa. Ndege ya pili inatakiwa iondoke wakati uleule sisi tunatua. Kumbe rubani ameshawaarifu wenzake huko chini. Yule dada akashika kipaza sauti. Akasema, ndugu abiria, tunaye mwenzetu aliyefiwa, anakimbilia maziko. Tunaomba kila mtu abaki kitini mpaka yeye ashuke. Sasa watu wa ndege mnawajua. Magurudumu hayajagusa ardhi sawasawa, wameshasimama, wanavutana na mabegi. Siku ile hata mkanda mmoja sikusikia ukifunguliwa. Nikapita katikati yao, wote wameketi. Mikono inanigusa. Huyu kiwiko, huyu mgongo. Pole, kaka. Pole, mzee. Wengine wanasema kwa lugha zao, sielewi hata neno, lakini pole utaijua tu.

Akawatazama mmoja mmoja. Hapa ndipo alipokuwa anataka kufika tangu anaanza. Hakutaka jambo kubwa. Angeridhika hata mtu akiguna.

— Gurudumu, — alisema Injini.

— Gurudumu gani?

— Halikuwa na upepo. Ndege ikitua na gurudumu bovu, watu wote wakisimama na kukimbilia mlango mmoja, inalala ubavu. Ni uzito tu, kama pikipiki iliyopakiwa magunia upande mmoja. Rubani hawezi kuwaambia watu gurudumu limekwisha, watapagawa. Akatafuta kisingizio. Akakuona wewe unalia.

— Kwa hiyo dada yangu alikufa ili rubani apate kisingizio.

— Sijasema hivyo. Nimesema alikutumia.

— Nyote wawili mnapotea, — alisema Babu Redio. — Futi, ulivaa ile suti yako nyeusi?

— Niliivaa.

— Ile uliyoshona mwenyewe, yenye bitana inayong'aa. Basi ndiyo hiyo. Walidhani wewe ni balozi. Balozi akifiwa ndege zinasubiriana, niliwahi kusikia. Na lile jibaba halikuwa abiria. Lilikuwa mlinzi wako.

— Mlinzi wangu alikuwa ananinunia?

— Walinzi wote hununa.

Injini akacheka, Wakili akacheka. Futi hakucheka. Akawaambia, kwa sauti iliyoanza kukauka, kwamba lile jibaba lilimnyang'anya begi walipofika mlangoni, likatimua mbio nalo kwenye ukumbi mrefu wenye sakafu ya kuteleza, likiwaambia watu wapishe, ilhali safari yake lenyewe ilikuwa imeishia palepale na mizigo yake limeiacha nyuma. Walipofika kwenye ndege ya pili shati lilikuwa limelilowa na pumzi hazitoshi. Mlango ulikuwa bado wazi. Wamemsubiri. Likamkabidhi begi, likamkumbatia, likageuka na kwenda zake. Mpaka leo Futi halijui jina lake.

— Ulikagua ndani ya begi? — aliuliza Wakili.

— Kukagua nini?

— Mtu usiyemjua anakimbia na begi lako, halafu analirudisha. Kwa roho gani? Pengine alikutilia kitu ukamvushie.

— Nilikuta nguo zangu na mswaki wangu.

— Basi mwenzake alishakitoa.

— Nimeshaelewa, — Babu Redio akaingilia, uso umemng'aa. — Habari ya balozi naiacha. Hao wote ni waigizaji. Kampuni inatengeneza tangazo la biashara. Ndege nzima ikae kimya bila mtu kuvuta begi? Haijapata kutokea. Siku si nyingi utajiona kwenye bango barabarani, unalia, chini wameandika karibu tena.

— Hilo lina akili, — alisema Injini. — Na kamera ilikuwa kwenye skafu ya yule dada.

Futi alifumba macho. Alikuwa amewamisi hawa watu. Kule msibani, usingizi ulipomkataa, alilifikiria benchi hili, akaona akifika tu atawaeleza na moyo utapoa. Sasa yuko hapa na anatamani angenyamaza. Lakini palikuwa na neno moja ambalo hakukusudia kulitoa, na kwa uchovu akalitoa.

— Sikilizeni. Pale alipopiga magoti, yule dada aliniambia kwa sauti ya chini: baba yangu walimzika mimi niko angani, nawagawia watu chai. Niliambiwa tulipotua. Akajifuta macho kwa hiyo skafu yake, akaenda kufunga milango. Na hilo nalo ni gurudumu?

Injini akaitazama mikono yake. Babu Redio akakuna kidevu. Wakili ndiye aliyejibu.

— Maneno hayo wanapewa, — alisema. — Kila mhudumu anayo. Ukifiwa na dada, yeye atafiwa na baba. Ukifiwa na baba, yeye ni mama. Msiba wao wanaupandisha kidogo juu ya wako.

Futi akasimama. Hakumfokea; alikuwa amechoka zaidi ya kukasirika. Akamwaga kahawa iliyobaki, akamrudishia Mama Chupa kikombe, akageukia duka. Afadhali cherehani, ina kelele lakini haibishi.

Mlangoni akakuta mteja anamsubiri, mama mmoja aliyeshika sketi ya shule ya binti yake, zipu inaning'inia. Alishakuja mara kadhaa akakuta kufuli, na kwa alivyosimama ilionekana amejiandaa kugomba.

— Fundi, ulipotelea wapi? Mtoto anakwenda shule amefunga sketi kwa pini.

— Alifiwa, — Wakili akawahi kujibu kutoka kwenye benchi. — Na dada yake, nchi ya mbali huko. Alikwenda kwa ndege mbili. Ya kwanza ikachelewa, abiria wakabaki vitini ili wampishe ashuke, ya pili ikamngoja. Ndiyo tunayoyachambua hapa, kwa nini walimfanyia hivyo. Tumeanza asubuhi.

Yule mama akaishusha sketi. Ugomvi ukamtoka usoni.

— Pole sana, fundi. — Na kwa kuwa aliyekuwa akimweleza ni Wakili, akamgeukia yeye. — Kwa hiyo aliwahi?

— Aliwahi nini?

— Maziko. Aliwahi kumzika dada yake?

Wakili akamtazama Injini, Injini akamtazama Babu Redio, na Babu Redio akatazama vidole vya miguu yake. Walikuwa wameichambua ndege mpaka magurudumu, wamelipachika jibaba kazi nne tofauti, wamemfukua mhudumu hadi skafu, na hili hakuna aliyelijua.

— Sikuwahi, — alisema Futi.

Alilisema amewapa mgongo, mkono umeshika fremu ya mlango. Akaeleza polepole. Kule alikokuwa anakwenda mvua ilikuwa inanyesha kubwa, ndege ya pili ikazungukazunguka angani ikisubiri kuruhusiwa kutua. Rubani aliwaomba radhi, na sauti yake ilionyesha kwamba alikuwa anajua ni nani hasa anayemwomba radhi. Akatoka mbio, akapata teksi. Karibu na nyumbani kwa shemeji yake akakutana na watu wanarudi, majembe mabegani, suruali wamezikunja, wanazungumzia tope. Mpwa wake ndiye aliyempeleka akamwonyesha. Udongo ulikuwa bado mbichi.

— Nyumbani walikuwa wameshalia wakamaliza, — alisema. — Wengine wamejilaza kwenye mikeka, wamechoka, wengine wanauliza chakula. Mimi ndiyo naingia. Sasa unaanzaje kulia peke yako mbele ya watu waliokwisha kulia? Nikaketi nao, nikawa naitikia pole. Waliolia na mimi ni wale wa kwenye ndege. Basi. Ndiyo maana nilitaka kuwasimulia. Sikutaka kujua kwa nini walifanya vile.

Injini alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa grisi yake si ya kutoka kwa kufuta. Mama Chupa alijishughulisha na kifuniko cha chupa. Wakili ndiye aliyejisogeza, akapiga ubao kwa kiganja mahali palipobaki wazi.

— Njoo ukae, bwana, — alisema, na sauti yake haikuwa ile ya mahakamani. — Hata hatujakuuliza dada mwenyewe alikuwa mtu gani.

Futi alisita. Akamtazama mteja wake, akidhani atasikia habari ya zipu, lakini yule mama alikuwa ameshajikalia mwisho wa benchi, sketi mapajani. Futi akarudi. Akakaa kati ya Wakili na Injini, akafikiria aanzie wapi, maana dada alikuwa na mengi, na mengine hayasemeki barabarani.

— Alikuwa anatumia mkono wa kushoto, — alisema mwishowe. — Mama yetu alipofariki, yeye ndiye aliyenilea, na yeye ndiye aliyenifundisha kushona. Sasa kufundisha kwa mkono wa kulia hakujua. Ndiyo maana mkasi naushika vile ambavyo huwa mnanicheka.