Nukta, Mpigachapa wa Mahakama Aliyekataa Kuacha Mstari Wazi

Marehemu, ambaye ofisini, kanisani na sokoni alijulikana kwa jina la Nukta, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika nyumba za wafanyakazi nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alikuwa wa tatu katika watoto sita. Baba yake alipima mizigo kiwandani humo. Mama yake alifua nguo za watu na hakujua kusoma. Nukta alijua kusoma mapema, majirani wakawa wanamletea barua zao. Alipokuwa na miaka kumi, jirani mmoja alipata barua ya mwanawe aliyesema hatarudi tena na wasimsubiri. Mtoto akamwonea huruma yule mama, akamsomea kwamba kijana yuko njiani. Jirani akafua mashuka, akapaka chumba chokaa, akashinda kituo cha basi wiki tatu. Mama yake Nukta alipogundua hakumchapa. Alimshika mkono, akampeleka kwa yule jirani na kumwambia, "Haya, msomee tena. Safari hii soma kilichoandikwa." Alisoma huku analia. Kaka zake wanasema tangu siku hiyo hakuweza hata kusifia mchuzi uliokosa chumvi.

Alisoma shule ya msingi mwaka 1958 hadi 1964, kisha sekondari ya wasichana hadi 1968. Mwaka 1969 alijiunga na chuo cha uhazili na baada ya miaka miwili akafuzu kwa kasi ya maneno sitini kwa dakika, bila kosa hata moja. Mkufunzi wake aliikagua karatasi ile mara mbili kwa sababu hakuamini.

Tarehe 4 Januari 1972 aliajiriwa mahakama ya wilaya kuchapa mwenendo wa kesi, yaani kila neno linalosemwa mbele ya hakimu. Meza yake ilikuwa ndogo, chini ya kiti cha hakimu, mguu mmoja umetegemezwa kwa kipande cha ubao. Shahidi akimwaga maneno bila kupumua, alinyanyua kidole na kusema "Nukta," na chumba kizima, hakimu akiwemo, kilinyamaza mpaka mashine imfikie. Jina likamkaa.

Humo ndimo alimokutana na mumewe, fundi bomba aliyeitwa kutoa ushahidi wa wizi wa mabomba. Alikuwa anaongea mbio. Nukta akamwambia, "Pole pole, kaka. Nachapa, sikimbii." Mzee hupenda kusema kwamba alipunguza mwendo siku ile na hajaurudia tena. Walifunga ndoa tarehe 11 Desemba 1976, wakajaliwa mabinti wawili na kijana mmoja.

Tarehe 17 Julai 1989 ililetwa mahakamani kesi ya fundi redio, aliyeshtakiwa kwa kifungu cha kukashifu dini. Fundi huyo aliitwa kutengeneza spika za kanisa, kanisa hilo hilo alilosali Nukta, akasema jambo lililowaudhi waliokuwepo. Hati ya mashtaka haikutaja alisema nini. Iliandika tu "maneno machafu yasiyofaa kurudiwa." Shahidi wa kwanza alikuwa mzee wa kanisa. Alipoulizwa mshtakiwa alitamka nini, alijibu, "Siwezi kuyasema, Mheshimiwa. Nitakuwa nimekufuru na mimi." Shahidi wa pili akajibu vivyo hivyo. Fundi mwenyewe alijitolea kuyasema. Mwendesha mashtaka akasimama kupinga, akidai kosa litakuwa limetendeka mara ya pili, tena mbele ya mahakama.

Hakimu, aliyekwisha kuchoka, akamgeukia Nukta. "Andika kwamba maneno yamethibitishwa."

"Yapi, Mheshimiwa?"

"Hayo hayo."

"Sijayasikia. Nitachapaje nisichokisikia? Na huyu akikata rufaa, majaji watasoma nini?"

Watu walicheka. Hakimu hakucheka, lakini baada ya mapumziko aliamuru mzee wa kanisa ayaandike kwenye karatasi. Nukta alipewa karatasi ile, akaisoma kwa sauti kama kanuni ilivyotaka, kisha akachapa: "Kama Mungu ni kiziwi, spika hizi hazitamsaidia. Kama anasikia, basi mnampigia kelele bure." Fundi redio akafungwa miaka miwili.

Jioni ile karani mkuu alimwita na kumtaka aurudie ukurasa wa kumi na nne bila mistari hiyo, kwa heshima ya dini. Alikataa. Akakumbushwa kwamba yeye mwenyewe ameyasoma maneno yale kwa sauti, na anaweza kuhesabiwa amekufuru. Akasema, "Basi nifungulieni mashtaka. Ila mtafute mpigachapa mwingine."

Hawakumfungulia mashtaka. Walimhamishia masjala, chumba cha chini kisicho na dirisha, akawa anabandika namba kwenye majalada kwa miaka sita. Kanisani aliondolewa kwenye kwaya. Jumapili iliyofuata alikaa benchi la nyuma kabisa na kuimba sauti yake ya pili kutoka huko, mstari kwa mstari, na hakuna aliyepata ujasiri wa kumwambia anyamaze.

Mchungaji alimfuata nyumbani. Fundi bomba aliwatilia chai, akakaa mlangoni kusikiliza.

"Dada, ungenyamaza tu," mchungaji alisema. "Imani yetu imetukanwa, nawe umeyatia maneno yale kwenye kumbukumbu za serikali."

"Mchungaji, nilipoyasoma niliumia. Niliumia kweli. Lakini kuumia kwangu si sababu ya kumfunga mtu."

"Sheria inatulinda."

"Leo hakimu anailinda imani yetu. Kesho atatuambia imani yetu ni ipi. Mimi sikumwajiria Mungu polisi, na sidhani kama aliomba."

Mchungaji alimaliza chai yake na kuondoka. Miaka minne baadaye alimrudisha kwenye kwaya mwenyewe, bila maelezo, naye Nukta hakuyadai.

Rufaa ilisikilizwa tarehe 5 Aprili 1990. Majaji watatu waliusoma ukurasa wa kumi na nne, mmoja wao akauliza kama hayo ndiyo yote. Wakili wa serikali akajibu kwamba ndiyo yote. Fundi redio aliachiwa siku ile ile, baada ya kukaa gerezani karibu miezi tisa. Alikuja nyumbani na mkewe kumshukuru Nukta, akaishia kuifungua redio ya sebuleni na kuitengeneza ingawa haikuwa mbovu. Baadaye aliitwa tena kutengeneza spika za kanisa. Waliomwita ni wale wale waliomshtaki, kwa sababu hakuna mwingine aliyeziweza.

Kifungu chenyewe hakikuguswa. Kilibaki kwenye kitabu cha sheria, na baada ya fundi redio walishtakiwa watu wengine wanne. Nukta alirudishwa kuchapa mwaka 1995 na kustaafu mwaka 2006. Januari iliyofuata aliandika barua kwa kamati ya sheria ya bunge, akitaka kifungu kile kifutwe na serikali iiachie dini mambo ya dini. Akaandika Januari nyingine, na nyingine. Majirani wakamwambia anajichosha bure. Alijibu kwamba posta stempu wanazo na yeye muda anao.

Mwaka 2021 madaktari wa hospitali ya wilaya waligundua kwamba moyo wake umepanuka. Alipunguza kazi za bustani, hakupunguza barua. Ya kumi na tisa aliitoa kwa mdomo Januari mwaka huu akiwa kitandani, binti yake akiandika. Alipoomba asomewe, alimkatiza njiani. "Hiyo 'kwa unyenyekevu mkubwa' imetoka wapi?"

"Nimeongeza heshima kidogo, mama."

"Itoe. Heshima ninayo, unyenyekevu mkubwa sikuusema."

Alilazwa tarehe 6 Mei na kuaga dunia Jumatano tarehe 14 Mei 2025, saa mbili na robo asubuhi, mumewe akiwa amemshika mkono. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Siku mbili baadaye ilifika bahasha ya kamati. Kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na minane, marehemu alikuwa anaitwa kutoa maoni yake mbele ya wabunge, tarehe 3 Juni, saa nne asubuhi. Familia imejibu. Binti yake wa kwanza, anayewasomea wasifu huu, atakwenda na nakala za barua zote kumi na tisa, na atazisoma kama zilivyoandikwa.

Marehemu ameacha mume, mabinti wawili, kijana mmoja, wajukuu saba, kaka wawili na mdogo wake wa kike.

Tunamkabidhi kwa Mungu aliyemwamini mpaka pumzi ya mwisho. Alale salama mama yetu. Tarehe tatu tutakuwepo.