Mshale wa Chaji

Mshonaji alijifanya anatazama nje ya basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, ambako mwanamke aliyepakata beseni jipya la mtoto alikuwa akimsuta mume wa mdogo wake.

"Mdogo wangu anatoka hospitali na kichanga, wewe unamfuata kwa basi! Gari liko wapi?"

"Liko nyumbani, shemeji, nimefungua dashibodi. Mshale wa geji ya chaji ulikuwa umelala chini."

"Si fundi alipima betri injini ikiunguruma?"

"Alipima. Akapata volti kumi na nne."

"Yaani chaji ni nzima, mshale ndio mwongo, nawe ukamwamini mwongo! Ukanunua na alteneta mpya ya kuchaji betri, na bado mshale usitikisike. Hukushtuka?"

"Nilidhani hata hiyo mpya ni mbovu."

Mshonaji aling'ata mtandio asicheke. Huyu, aliwaza, saa mbovu ikimwambia ni usiku, atavua viatu alale.

"Labda ni waya wa ethi tu, ule unaounga geji na bodi ya gari, umeshika kutu," mwanamume alijitetea.

"Labda!"

Basi likasimama mbele ya hospitali. Mwanamume akapokea beseni, akauliza kwa unyonge, "Sasa shemeji, nianze na ethi au nibadilishe geji?"

"Anza na teksi," alijibu, akashuka bila kugeuka.