Bi Keti Kwanza na Kiti cha Dirisha Namba Tatu

Ijumaa hii, tarehe thelathini, baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi yetu ya posta, Bi Keti Kwanza anastaafu. Jina hilo hakupewa na wazazi wake. Alipewa na wateja, na wengine walimpa wakiwa wamenuna.

Alianza kwa kupanga barua, akahamia stempu, kisha akapewa dirisha namba tatu, la kutuma fedha. Hapo ndipo alipoleta kiti cha mbao kutoka nyumbani kwake, mguu mmoja umefungwa waya. Utaratibu wake ulikuwa mmoja: mteja akija anahema, anataka kutuma pesa sasa hivi, kwanza aketi, apige simu kwa namba ya zamani ya mtu wake, ile anayoijua. Asipoketi, fomu yake haiguswi.

Mwalimu mstaafu mmoja aliketi pale akilia. Alikuwa ameambiwa mwanawe amelazwa mahututi na daktari anataka malipo kabla ya saa sita. Akapiga namba ya zamani. Mgonjwa akapokea akiwa kwa kinyozi, ananyolewa, akauliza baba kuna nini. Fundi bomba mmoja naye aliambiwa ameshinda gari, ila alipe ada ya kulitoa. Bi Keti Kwanza akamuuliza tiketi ya bahati nasibu aliinunua lini. Fundi akawaza weee, mwisho akacheka mwenyewe, akarudi kwenye mabomba yake.

Usithubutu kumwambia kwamba wajinga ndio waliwao. Atakuwakia! Kwake yeye, anayeibiwa mara nyingi ni mzazi aliyemhofia mtoto wake, na hofu ya mzazi si ujinga. Anayejifanya daktari ili ale hofu hiyo ni mshenzi, basi. Na sisi tunaomcheka aliyeibiwa tunamshikia mwizi ngazi.

Na ofisi ilimlipa nini? Barua ya onyo! Eti anachelewesha foleni. Meneja wetu aliiandika mwenyewe, na mwezi uliopita akaagiza kwamba mama huyu akiondoka, kiti nacho kiondoke, ili kaunta mpya ipendeze. Bi Keti Kwanza alituomba zawadi moja tu ya kuagwa: kiti kibaki. Nasi tukatulia kama maji mtungini. Hasira ya ukimya ule ninayo mpaka leo.

Wiki mbili zilizopita ujumbe ukaingia kwenye simu zetu, una picha yake akitabasamu. Ulisema kamati ya kumuaga inamnunulia cherehani, tutume michango kabla ya saa kumi kwa namba mpya ya mweka hazina, na yeye asiambiwe, tunataka kumshtukiza. Tulituma watu kumi na mmoja. Wa kwanza alikuwa meneja. Wa pili mimi, niliyekaa naye dirisha kwa dirisha miaka tisa, nikimsikia kila siku akisema kwamba anayekuharakisha na kukukataza usimwambie mtu ni mwizi. Mweka hazina alikuwa hatua sita kutoka kwangu, na sikunyanyuka kumuuliza.

Aibu gani hii! Wezi walituibia kwa sura yake mwenyewe na kwa mapenzi yetu kwake.

Alipojua hakutucheka. Alivuta kiti, akaniketisha, tukapiga simu: kampuni ya simu waifunge namba ile, polisi, kisha wenzetu ambao hawajatuma. Sita waliokoka. Halafu akamketisha meneja atoe maelezo yake, na meneja akaketi, mpole, foleni nzima ikimtazama. Pesa za kumi na mmoja hazijarudi.

Kwa hiyo leo cherehani haipo. Tunachanga upya, mkono kwa mkono, na itamfikia mwezi ujao. Lakini jana alasiri meneja aliitoa ile barua ya onyo kwenye faili, akaichana mbele yetu, kisha akaomba nyundo. Mguu wa kiti umepigiliwa msumari. Kinabaki. Jumatatu nahamia dirisha namba tatu, na atakayekuja anahema nitamketisha, anune asinune.

Bi Keti Kwanza, asante kwa kila mzazi uliyemwokoa, na kwa matusi uliyoyameza kwa ajili yake. Tunakuombea afya, usingizi mtamu, na wajukuu wakuchoshe kwa raha. Miaka thelathini na mmoja umetuketisha sisi. Sasa keti na wewe.