Bernadetha Wegesa Heche na Nafasi ya Utafiti Aliyoitafuta

Wazee wetu, shikamooni, nanyi nyote mliofika hapa Nyansurura kumsindikiza dada yetu, poleni, familia imenituma mimi Simon, mdogo wake, niwasomee maisha yake.

Bernadetha Wegesa Heche alizaliwa tarehe 14 Machi 1988 katika kata ya Nyanungu, wilayani Tarime, mtoto wa pili wa Mzee Heche na Mama Agustina, akasoma shule ya msingi hapo hapo nyumbani, na mwaka 2003 akaanza sekondari Tarime mjini. Akiwa kidato cha pili baba alifariki kwa homa iliyokuwa ikimshika na kumwacha, sisi tukiiita malaria, mpaka daktari alipotueleza, tayari tumechelewa, kwamba ni ule ugonjwa unaofanya ng'ombe watupe mimba, ameupata kwenye maziwa mabichi na umeshafika moyoni. Tangu hapo Bernadetha alitamani kazi moja tu, kuutafiti ugonjwa huo.

Alihitimu shahada ya biolojia mwaka 2012, akafundisha sekondari wilayani Serengeti, tarehe 6 Desemba 2014 akafunga ndoa na Benedicto, mfugaji wa hapa, na mwaka 2016 wakajaliwa binti yao, Irine. Aliwapenda wanafunzi wake, lakini kila chuo kikuu kilipotangaza nafasi ya utafiti wa magonjwa, iwe Mwanza, Morogoro au Arusha, aliomba, na jibu likawa lile lile, hana uzoefu wa maabara, uzoefu ambao angeupata wapi kama si kwenye kazi hiyo hiyo aliyonyimwa. Mwaka 2019 aliitwa kwenye usaili, wakamuuliza kwa nini aache ajira ya kudumu kwa mkataba mfupi, akajibu, "Nataka kuujua ugonjwa uliomchukua baba," wakamshukuru, wakamchukua mwingine. Alirudi akisema haombi tena, ndipo Benedicto akamwambia, "Mama Irine, nenda kasome hiyo maabara kwanza, mtoto na ng'ombe niachie mimi."

Akaenda Morogoro, akapata shahada ya uzamili mwaka 2022, na tarehe 4 Septemba 2023 akaajiriwa mtafiti msaidizi katika mradi wa chuo kikuu unaochunguza homa hiyo vijijini kwetu. Wengi wenu alifika kwenu na boksi lake la barafu, akawatoa damu ninyi na ng'ombe wenu, akiwasihi kwa Kikurya mchemshe maziwa, na mama yetu alipokutwa na ugonjwa huo aliwahi matibabu, ndiyo maana leo amekaa hapa mbele.

Mei 2024 aligundulika kuwa na saratani ya titi, akatibiwa Mwanza, akirudi maabara kila alipopata nguvu, na hata aliposhindwa kuinuka aliwapigia wenzake kuuliza sampuli za Nyansurura zimesemaje. Alifariki nyumbani tarehe 9 Julai 2025, saa kumi jioni, mkono wake ukiwa mkononi mwa mumewe, na majibu ya utafiti yakiwa bado hayajatoka.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliochota maji na kupika, walimu, na watafiti wenzake mliosafiri usiku kucha.

Kabla hajatutoka alituagiza jambo moja, akasema, "Nafasi yangu wakiitangaza, isomeni mbele za watu, kuna mtoto wa huku anaitafuta." Imetangazwa juzi, maombi yanapokelewa hadi mwisho wa mwezi, aliyesoma biolojia atuone baada ya maziko.

Pumzika, dada Wegesa, kwa amani ya Mungu.